Uzoefu wangu wa kumwacha mtoto wa awali kwa walezi, Kibirizi, Kigoma

Ninanunua na kuanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, yaani ufukwe wa Ziwa Tanganyika ambako mitumbwi hushusha samaki, kazi isiyomngoja mtu apambazukiwe, kwa sababu mitumbwi iliyokesha ziwani na taa hurudi alfajiri na anayefika saa mbili hukuta dagaa wazuri wamekwisha kununuliwa. Binti yangu alipoanza darasa la awali Januari 2024 katika shule ya msingi ya serikali, ada haikunisumbua, kwani elimu hiyo hutolewa bila ada tangu 2016. Kilichonisumbua ni saa. Shule ilimpokea saa 1:30 asubuhi na kumruhusu saa 5:30, ilhali mimi huondoka nyumbani saa 11:00 alfajiri, na mchana jua linapokuwa kali ndipo ninapogeuza dagaa.

Kituo cha kulelea watoto nilichokipata ni ua wa nyumba iliyo karibu na shule, wenye walezi wawili na watoto wapatao ishirini. Nilikuwa nikilipa shilingi 1,500 kwa siku, pamoja na uji wa asubuhi na chakula cha mchana, ambacho mara nyingi kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kilichonivutia zaidi ni namna walivyowapeleka watoto shuleni: mlezi hutangulia na kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto ameshika fundo lake, na asiyefika siku hiyo fundo lake huachwa wazi, kiasi kwamba hata mpita njia angeweza kujua nani hayupo. Baada ya chakula hulazwa kwenye mikeka, kisha hucheza. Wapo wazazi walionung'unika kwamba watoto hawafundishwi kuandika mchana. Mimi nilifurahi, maana mtoto wa miaka mitano aliyetoka darasani anahitaji usingizi kuliko daftari.

Kasoro kubwa niliiona mwezi Machi. Siku hiyo walimu walikuwa na kikao na watoto wakaruhusiwa mapema, bila kituo kuambiwa. Mlezi alipofika kwa saa yake ya kawaida alikuta darasa limefungwa. Tulimtafuta mtoto kwa karibu saa nzima, tukamkuta nyuma ya vyoo vya shule akicheza na mawe, wala hakuwa na habari kwamba amepotea. Shule ilisema mtoto akisharuhusiwa si wao tena. Kituo kilisema hakikupewa taarifa. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na mwanangu alikuwa katikati. Nilinunua daftari: mwalimu anaandika saa aliyomtoa mtoto, mlezi anatia saini kwamba amempokea. Mwalimu alilalamika mwanzoni, na sikumlaumu, kwa kuwa darasani alikuwa na watoto zaidi ya 80, lakini wiki ya pili wazazi wengine nao walileta madaftari yao.

Jambo la pili ni malipo. Kituo kilipotaka tulipe kwa mwezi mzima, sisi wa mwaloni tulishindwa, kwa kuwa siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa, mitumbwi hubaki ufukweni, na mfuko wa mama huwa mtupu. Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo, ili samaki wapate kuzaliana. Nilimtoa mtoto, na niliporudi Agosti nafasi yake ilikuwa imejazwa; nilingoja wiki mbili. Walezi nao wanakula, siwezi kuwalaumu.

Mvua zinaponyesha, watoto wote hubanana kwenye baraza moja, na hapo ndipo mafua huanzia. Pia nakiri kwamba nilikaa miezi mitatu bila kuuliza kama kituo kimesajiliwa, ingawa sheria inakitaka kisajiliwe. Nilipouliza, nilionyeshwa cheti bila kinyongo. Mzazi mwingine na aulize siku ya kwanza.

Mdogo wake anaingia awali Januari ijayo, na nimekwisha kumwombea nafasi hapo hapo. Mlezi amekubali nilipe kwa siku wakati usio na mbalamwezi, na nusu ya bei wakati wa mbalamwezi, ili fundo lake lisipewe mwingine. Daftari jipya liko tayari.