Madume ya kondoo, shamba la njia ya Muheza: shika korodani, tazama miguu

Wafugaji wenzangu wa Tanga, dume wangu mpya, chotara wa Dopa, kondoo wa nyama, na kondoo mwekundu wa Kimasai, nimemchukua shamba moja njia ya kwenda Muheza. Nawasifu kwa hili: wanakuachia umkague mnyama kwa mikono yako, wala hawakuharakishi.

Mdomo kwanza. Meno ya chini yakutane sawasawa na ufizi mgumu wa juu. Yakitokeza mbele au yakirudi nyuma, mwache, kasoro hiyo hurithiwa. Kisha korodani, na hapa usione haya. Zishike zote mbili: ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi, zisiwe na vinundu. Nilizungusha futi kamba ya fundi cherehani penye unene, nikapata sentimita 33. Dume mzima akiwa chini ya 30, mimi silipi.

Miguu ndiyo iliyoniudhi. Dume wa kwanza waliyeniletea alikuwa na mgongo mpana wa kupendeza, lakini miguu ya nyuma imeingia ndani, vifundo vinakaribia kugusana, na kwato zimerefuka hadi kupinda. Kijana wa zizini akasema, "Mama, hizo zinakatwa tu."

Kwato zinakatwa, mwanangu, mifupa haikatwi. Anapopanda jike, uzito wote uko miguu ya nyuma!

Bei yao imepita ya mnadani, ila mnadani nani atakuambia kama mama yake alizaa mapacha? Hawa wana daftari. Waongeze tu bidii kwenye kwato, hasa masika.