TAHADHARI: Mrashi wa fedha wa nyanya yetu hauuzwi

Ndugu zangu, kuna mtu anauza mtandaoni mrashi (chombo cha kunyunyizia marashi) wa fedha "wa ukoo wa Mji wa Kale, Mombasa" kwa kutumia picha ya mrashi wetu sisi. Mrashi wenyewe uko kabatini kwa mama, haujatoka na hautatoka. Tafadhali msimtumie pesa.

Picha aliichukua kwenye ukurasa wangu. Niliiweka baada ya harusi ya binti ya shangazi, wageni walipotiwa marashi kwa mrashi uleule uliotumika nyanya alipoolewa. Nikaeleza ulivyotufikia: babu yake nyanya alimpelekea sonara riale zake, yaani sarafu za fedha, zikayeyushwa, ukafuliwa mrashi na sinia yake. Maneno hayo ameyanakili yote, kisha akaongeza lake, kwamba ukoo umekwisha na yeye ndiye mrithi wa mwisho. Hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mama yu hai. Aliposomewa hakusema kitu.

Habari hizi nilizipata kwa dada mmoja wa Maskati aliyekwisha kulipa. Alinitumia picha za alicholetewa. Wetu una kibonyeo chini ya shingo, na kwenye tako pana mstari wa lehemu pale ulipowahi kuvunjika ukaungwa. Wake hauna kibonyeo wala lehemu, na ukingo wa kifuniko umeshaanza kuchubuka, chini yake manjano matupu. Ni shaba iliyopakwa fedha.

Ujanja wake mkubwa uko chini ya tako. Amepachika riale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, na kwa sarafu hiyo anaapa kuwa mrashi ni wa 1780. Huo ni uongo. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na riale zake zikaendelea kupigwa chapa miaka na miaka baadaye kwa ajili ya biashara, zote zikiwa na mwaka huohuo. Hata iliyopigwa juzi imeandikwa 1780. Haithibitishi umri wa chombo chochote.

Anawaambia watu wajaribu kwa sumaku. Kweli fedha haishikwi na sumaku, lakini shaba nayo haishikwi. Mpelekeeni sonara mnayemwamini: atakwangua kidogo mahali pasipoonekana, asugue kwenye jiwe na kutia tindikali. Mkiona muhuri wa EPNS, jueni hiyo si fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu.

Tena muulizeni kibali. Kwa sheria ya Kenya ya makavazi na turathi ya 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakisafirishwi nje bila kibali cha serikali. Mtu anayedai kuuza mrashi wa 1780 na kuupeleka Maskati bila karatasi hiyo, ama anavunja sheria ama anadanganya umri.

Hubadilisha jina la ukurasa kila anapogunduliwa, basi tazameni picha: kibonyeo shingoni, zulia jekundu nyuma. Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wala risiti. Apige ripoti polisi, na akihitaji picha halisi za mrashi wetu aniandikie nimpe.