DSLR ya zamani au kompakti? Kwanza nimalizane na yule muuzaji

Nianze na jibu, maana nina hasira na sitaki mtu asome mpaka chini ndipo alipate: nunua kompakti. Kama uko Nairobi, pesa zako ni za kuhesabu, na unajikuna kichwa kati ya DSLR (ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) ya miaka kumi na kitu iliyopita na kamera ndogo ya mfukoni, chukua ya mfukoni, ukae mbali kabisa na ngazi za yale majengo ya eksibisheni pale tao.

Mambo ya megapikseli siyagusi. Kila mtu ana simu, aangalie mwenyewe.

DSLR niliyonunua ni Nikon D5100, toleo la 2011, na sina kesi na Nikon. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni nzima mpaka leo. Niliitafuta kwa makusudi kwa sababu Nikon huandika ndani ya faili ya kila picha shata (pazia linalofunguka kila ukipiga) imefunguka mara ngapi tangu kamera itoke kiwandani, kwa hiyo muuzaji wa mitumba hana pa kukudanganyia. Nilipiga picha moja palepale kaunta, nikaihamishia kwenye simu, nikasoma: elfu ishirini na kitu. Shata ya modeli hii ilijaribiwa kwa mizunguko 100,000. Nikaridhika. Nikamulika sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, safi. Skrini inafunguka na kugeuka bila kulia. Hayo yote yalienda vizuri na nayasema ili mjue sikuingia pale nikiwa nimefumba macho.

Kesi yangu ni ya lenzi, na ya mdomo wa aliyeniuzia.

Nilimwambia kwa Kiswahili cha kawaida: kuna ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya binamu yangu Ruai, itakuwa ndani ya hema, mwanga hafifu, nataka lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, inayofokasi yenyewe kwenye bodi hii hii. Si bodi nyingine, hii. Akajibu, "Hiyo ni automatiki madam, hata upige gizani." Kujaribu bodi alitumia lenzi yake nyingine ya dukani, 18-55, nayo ilifokasi vizuri tu, ikanguruma kidogo, picha ikatoka kali. Kisha akatoa ile ya 50 kwenye kabati la kioo, akaivisha sponji, akaizungushia selotepu kama mtu anayefunga samosa za safari, eti isipate vumbi njiani. Nikalipa kwa M-Pesa. Pesa zangu zilifika kwa bodi na lenzi hiyo moja peke yake. Ile 18-55 ikabaki kwake.

Kwa wasiojua, Nikon wana lenzi mbili za 50 f/1.8 zinazofanana jina. Moja huishia na herufi D, nyingine G. Ya G ina mota yake ndani. Ya D haina. Hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, ambayo huizungusha kupitia skrubu ndogo pale lenzi inapoungana na bodi. Na D5100 haina mota hiyo. Wala D3100, wala D3200, wala D40. Ukiifunga lenzi ya D kwenye bodi hizo, mwanga itapima sawasawa, lakini kufokasi ni kwa mkono wako. Mtu anayeuza Nikon kila siku anayajua haya kuliko anavyolijua jina la mamake. Alinipa D.

Basi Ruai. Wazee wameketi upande wao, wageni wameshaimba langoni wakafunguliwa, mimi nimejipanga mbele na kamera shingoni. Nawasha, kwenye kidirisha cha kuchungulia kunawaka FEE, inapepesa. Anko mmoja alikuwa ananichungulia begani, akasema kwa sauti, "Hata kamera inadai fee? Na shule zimefungwa juzi!" Hema zima likacheka. Kumbe lenzi za D zina pete ya kurekebisha tundu, na usipoifunga kwenye namba kubwa kabisa, 22, kamera inagoma. Nikaifunga. FEE ikazima. Nikabonyeza kitufe nusu. Kimya. Nikabonyeza tena. Lenzi imetulia tu.

Wakati huo ndio wasichana walikuwa wameletwa, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, bwana harusi atafute wake. Mnajua hiyo sehemu. Akikosea, anatozwa. Alizunguka, akainama kuangalia viatu, akinamama wakamzomea, akasimama mbele ya mmoja na kuvuta leso. Akapatia. Binamu yangu akaangua kicheko, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Mimi nikiwa hapo mbele nazungusha pete ya lenzi huku na huku kama kipofu. D5100 hutumia vioo badala ya prizimu pale juu, kwa hiyo kidirisha chake ni kadogo na kana giza, na kwa f/1.8 ukikosa kidogo tu sura yote inaenda. Nina picha ya tukio hilo. Nguzo ya hema imetoka kali sana. Kiti cha plastiki nyuma yake pia, unaweza kuhesabu mikwaruzo. Binamu yangu ni doa la rangi ya chungwa.

Picha iliyoko kwenye ukuta wa shangazi leo ilipigwa na mpwa wangu wa darasa la sita, kwa kompakti ya dadangu, huku ameshika soda mkono wa pili.

Kompakti hiyo ni Sony RX100, ile ya kwanza ya 2012. Nikaiazima siku hiyo hiyo, kwa hasira, na nikazunguka nayo kwa muda. Na kwa kweli maisha ni rahisi. Inaingia mfuko wa jeans. Kwenye matatu naitoa, napiga, naificha kabla konda hajanifikia. Inachajiwa kwa kebo ile ile ndogo ya simu za zamani, pawabenki inatosha. Pale tao, ukitoa DSLR mbele ya jengo lolote lenye vioo, soja ameshakufikia, "madam hapa picha haziruhusiwi, nani amekutuma?" Ukitoa kompakti hakuna anayekutazama mara mbili. Pale KICC wale mafotografa wa kupiga watu picha na kuwachapishia papo hapo waliniacha nipite bila neno. Siku niliyopita na DSLR mmoja aliniuliza kama nimekuja kuwanyang'anya kazi. Alikuwa anatania. Nadhani.

Kwa hiyo mnaona kwa nini nilianza nilivyoanza.

Lakini turudi kwa yule bwana, maana sijamaliza naye.

Nilirudi dukani na lenzi, risiti na ujumbe wa M-Pesa. Kulikuwa na wateja wengine wawili. Nikamweleza taratibu. Hakuishika lenzi hata. Alisema, "Madam, lenzi haina shida. Kufokasi ni kazi ya watu wenye macho." Nikamwambia nilikuuliza kama inafokasi yenyewe kwenye bodi hii, ukasema ni automatiki. Akasema, "Wewe unajua kamera, ama unajua kupigwa picha tu?" Wale wateja wakacheka, na mmoja akaangalia chini. Nikamwonyesha Kifungu cha 46 cha Katiba kwenye simu, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa za kiwango kinachofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Akanielekeza kwenye muhuri wa risiti, bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, kisha akasema, "Basi peleka hiyo Katiba ikakupigie picha."

Nimekaa na sentensi hiyo muda sasa. Nikiosha vyombo naisikia. Kuna majibu matatu mazuri nimeshayapata, yote yamechelewa.

Aliyenisaidia ni fundi wa kibanda cha mwisho, koridoni humo humo, mzee wa miwani iliyofungwa uzi. Hakuuza chochote. Aliniita, "Njoo hapa mama, usilie na huyo." (Sikuwa nalia.) Akageuza lenzi yangu, akanionyesha kwenye chuma chake kichwa kidogo cha skrubu chenye mfuo. "Hapa ndipo kamera hushika." Akavua kifuniko cha bodi yangu: duara la chuma, laini, hakuna kitu. Kisha akatoa Nikon D90 ya mteja, ya 2008, akaniambia nitazame pale pale. Kwenye duara lile kulikuwa na ncha ndogo imechomoza, umbo la bisibisi. Akafunga lenzi yangu kwenye D90, akabonyeza nusu. Zzt. Ikafokasi usoni mwake kabla sijapepesa. Lenzi nzima kabisa, haina kosa. Sekunde kumi za maelezo, ambazo mtu aliyepokea pesa zangu alishindwa kunipa.

Nikamwonyesha na kompakti pia, kwa sababu picha zake zilikuwa zimeanza kuwa na doa la kijivu angani, mahali pamoja kila mara. Akatikisa kichwa. Vumbi limeingia kwenye sensa. Lenzi ya kompakti inatoka na kurudi ndani kila unapowasha na kuzima, na kila ikirudi inaweza kuvuta vumbi, na Ruai barabara za ndani mnazijua. DSLR unavua lenzi, unainua kioo, unapuliza kwa pampu ya mpira, umemaliza. Kompakti lazima ifunguliwe yote, utepe mmoja ukikatika ni kwaheri. Bei aliyotaja ya kuifungua sikuipenda. "Hizi ndogo hutengenezwa za kutumia, si za kurekebishwa," akasema, akarudi kwa kazi yake.

Hapo ndipo jibu langu lilianza kulegea. Kuna na kero nyingine: RX100 ya kwanza haina kidirisha cha kuchungulia. Saa saba mchana na jua letu la utosini, skrini ni kioo cha kujitazama. Unapiga kwa imani. Na ukivuta kuja karibu, tundu la lenzi linabana mpaka f/4.9, kwa hiyo lile f/1.8 linalosifiwa ni la wakati hujavuta tu. Jioni ndani ya nyumba, picha za karibu zinatoka na chengachenga.

Halafu kuna picha ya shosho, nyanya yangu.

Alikuja kwetu wikendi moja, ameketi karibu na dirisha anachambua maharagwe. Nilichukua DSLR kwa sababu kompakti ilikuwa haina chaji. Lenzi ile ile ya D. Ukizungusha pete pole pole, chini kushoto kwenye kidirisha huwaka nukta ya kijani fokasi inapokaa sawa. Mzee wa kibanda ndiye aliniambia niifuate nukta, niache kubahatisha kwa jicho. Shosho hana haraka, haruki, hachekeshwi na leso. Nikazungusha, nukta ikawaka, ikazima, nikarudi nyuma kidogo, ikawaka. Kope za shosho zinahesabika. Ganda la maharagwe limeganda kwenye kidole gumba. Dirisha nyuma yake limeyeyuka lote. Nilipiga kona hiyo hiyo kwa kompakti baada ya kuichaji, na ni picha nzuri, haina ubaya, lakini ni picha ya mtu ameketi sebuleni. Sensa ya D5100 ina eneo karibu mara tatu ya ile ya RX100, na pale dirishani ilionekana bila kuambiwa.

Kwa hiyo sijui sasa. Kama unapiga watoto, matatu, sherehe, watu wanaokimbia, nasimama pale pale: kompakti, na uifunge kwenye kifuko kisichopitisha vumbi. Kama unapiga watu walioketi, au unataka kamera ambayo fundi wa koridoni anaweza kuiokoa, DSLR ya zamani bado ina pumzi. Ila usichukue kama nilivyouziwa. Tafuta D90, au D7000 ya 2010, zina mota ndani na lenzi zote za D za bei ya chini zitafanya kazi. Ni nzito kidogo, vumilia. Ukipenda D5100 au ndugu zake, dai lenzi yenye mota yake, zilizoandikwa AF-S. Ile 35 f/1.8G inatosha ndani ya nyumba za Nairobi, ambako ukirudi nyuma hatua tatu umegonga friji. Njia ya haraka ya kujua: lenzi ya D ina pete ya namba za tundu, ya G haina pete hiyo kabisa. Na lazimisha muuzaji ajaribu lenzi ile ile unayonunua, kwenye bodi ile ile, mbele yako. Akianza kutoa selotepu kabla hujaona ikifokasi, ondoka.

Bodi siuzi. Lenzi ya 50 D inauzwa, haina kuvu, haina mkwaruzo, mwenye D90 au D7000 atafurahi nayo, na nitamwambia kila kitu kabla hajatoa pesa. Kompakti ya dadangu bado iko kwangu na doa lake, ameanza kuiulizia.

Na wewe bwana wa ghorofa ya pili, ukisoma hii utajijua. Tofauti ya bei kati ya D na G bado naidai.