Namna Uharibifu Unavyotokea: Tathmini ya Filamu Sita za Bahari, Mito na Chakula

Anayetaka kujifunza habari za mazingira kwa njia ya filamu hakosi cha kutazama siku hizi. Anachokosa ni mtu wa kumweleza ni ipi inayostahili saa yake moja na nusu. Nimechagua filamu sita za hali halisi zinazohusu bahari, mito na chakula, zilizotoka kati ya mwaka 2009 na 2025, na nimezipima kwa swali moja: je, mtazamaji anapomaliza ameelewa uharibifu unatokeaje, hatua kwa hatua, au anaondoka na hofu pamoja na takwimu mbili tatu za kukariri? Uzuri wa picha sikuupa uzito mkubwa, kwa kuwa picha safi za chini ya maji zimekuwa jambo la kawaida. Kilicho adimu bado ni maelezo yanayoshikika.

Filamu ninayoitanguliza ni Chasing Coral ya Jeff Orlowski, iliyotoka mwaka 2017. Inamfuata Richard Vevers, aliyeacha kazi ya matangazo ya biashara jijini London akageukia upigaji picha chini ya maji, na ambaye anataka jambo jepesi kulitamka na gumu kulitenda: kurekodi matumbawe yakipauka, tangu yakiwa na afya mpaka yanapokufa, ili hata asiyewahi kuzamia ajionee mwenyewe. Timu yake inatengeneza kamera za kuachwa baharini zijipigie picha zenyewe, na sehemu kubwa ya filamu inasimulia jinsi mpango huo unavyokwama. Picha zinatoka na ukungu, na joto kali linapiga mahali ambapo kamera hazipo. Mwishowe Zack Rago, kijana fundi wa kamera hizo na mpenzi mkubwa wa matumbawe, analazimika pamoja na wenzake kuifanya kazi hiyo kwa mikono, wakizamia siku baada ya siku katika sehemu zilezile karibu na Lizard Island, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, na kupiga picha kutoka pembe ileile.

Ugumu huo ndio unaoipa filamu nguvu, kwa sababu unamlazimisha mtazamaji kukaa na jambo moja mpaka alielewe. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake laini mna mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi moja au mbili kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutolewa nje, na kinachobaki ni nyama inayopitisha mwanga juu ya mifupa myeupe ya chokaa. Katika hatua hiyo mnyama huyo hajafa, bali ana njaa, na maji yakipoa mapema anaweza kupona. Filamu inaziweka picha za sehemu moja zikifuatana, nasi tunaona tawi la kahawia likiwa jeupe, kisha likifunikwa na utando wa kijani kibichi unaoning'inia huku nyama iliyokufa ikichambukachambuka. Huko New Caledonia matumbawe yanaonekana yakitoa rangi za zambarau, buluu na njano zinazong'aa, na asiyeelezwa angedhani kuwa hayo ni mazingira yenye afya tele. Filamu inafafanua kwamba rangi hizo ni kinga dhidi ya jua, inayotolewa na mnyama ambaye tayari ameupoteza mwani wake. Sijaona filamu nyingine iliyofaulu hivyo kumwonyesha mtu kwamba uzuri unaweza kuwa dalili ya ugonjwa.

Takwimu zake nazo zimesimama. Mwaka 2016 takriban asilimia 29 ya matumbawe ya maji ya kina kifupi katika Great Barrier Reef yalikufa, na ni kweli kwamba bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazozalisha. Udhaifu wake uko katika dakika za mwisho, ambapo muziki unapandishwa na hotuba za matumaini zinachukua nafasi ambayo ingefaa kueleza kwa utulivu gesi hizo zinatoka wapi na zinapunguzwaje.

Mbili zinazofuata, The End of the Line ya Rupert Murray ya mwaka 2009 na Seaspiracy ya Ali Tabrizi ya mwaka 2021, ninazitathmini kwa pamoja kwa sababu zote zinahusu uvuvi wa kupindukia, na zote zimebeba mwaka mmoja mashuhuri: 2048, mwaka ambao eti bahari itabaki bila samaki. Mwaka huo ulitoka katika makala ya kitaalamu iliyoongozwa na Boris Worm katika jarida la Science mwaka 2006. Watafiti waliangalia kumbukumbu za samaki waliovuliwa, wakahesabu kuwa aina fulani imeporomoka pale mavuno yake yanapokuwa chini ya asilimia 10 ya kiwango cha juu kilichowahi kurekodiwa, kisha wakaunyoosha mwelekeo huo kwenda mbele. Wanasayansi wengine walipinga, wakieleza kuwa mavuno yanaweza kupungua hata kwa sababu sheria imewazuia wavuvi, samaki wenyewe wakiwa wanaongezeka. Mwaka 2009 Worm huyohuyo aliungana na mpinzani wake mkubwa, Ray Hilborn, wakachapisha utafiti wa pamoja ulioonyesha kwamba katika mifumo mitano ya ikolojia ya bahari kati ya kumi waliyoichunguza kwa undani, shinikizo la uvuvi lilikuwa limepungua.

The End of the Line ilikamilika kabla ya utafiti huo wa pili, hivyo haistahili lawama. Seaspiracy ilikuja miaka kumi na miwili baadaye na bado ikautumia mwaka uleule pasipo kumweleza mtazamaji kilichotokea katikati. Hilo ni kosa kubwa, na linaniudhi zaidi kwa sababu filamu hiyo ina mambo ya kweli yanayostahili kusikika. Kwa mfano, ni sahihi kwamba karibu nusu ya uzito wa taka zinazoelea katika lile eneo kubwa la taka la Bahari ya Pasifiki ni nyavu za uvuvi, asilimia 46 kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2018. Jambo hilo lilikuwa halijulikani kwa watu wengi waliozoea kuambiwa kwamba tatizo ni mirija ya plastiki. Sehemu inayohusu watu waliotumikishwa kwa nguvu katika meli za uvuvi za Thailand nayo inaumiza moyo, na inapaswa kutazamwa. Lakini mwongozaji ana haraka. Anarukaruka kati ya Taiji nchini Japani, Thailand, mashamba ya samoni ya Scotland na Visiwa vya Faroe, na kila mahali anapofika hukaa muda wa kutosha kushtua tu, si kueleza. Baadhi ya waliohojiwa walilalamika hadharani kwamba maneno yao yalikatwa yakapoteza muktadha. Hitimisho lake, kwamba kila mtu aache kula samaki, limetolewa kana kwamba hakuna watu zaidi ya bilioni 3 duniani ambao samaki huwapatia angalau moja ya tano ya protini yao ya wanyama. Anayeitazama aitazame akiwa na kalamu mkononi, na kila takwimu anayoisikia aitafutie mahali ilikotoka.

The End of the Line, pamoja na umri wake, ndiyo niliyoheshimu zaidi kati ya hizo mbili. Inaeleza jinsi wanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly na Reg Watson walivyogundua, katika makala ya mwaka 2001, kwamba takwimu za dunia zilizoonyesha mavuno ya samaki yakiongezeka zilikuwa zimepotoshwa na ripoti za China zilizokuzwa kupita kiasi. Zikiondolewa, mavuno ya dunia yalikuwa yakishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha kuna habari ya Newfoundland, ambako mwezi Julai 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wa samaki aina ya cod uliokuwa umelisha pwani hiyo kwa karne kadhaa, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi. Anguko hilo lilikuja bila kelele kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya katika makundi machache, na meli zenye vyombo vya kuwatafuta kwa sauti ziliendelea kurudi zimejaa, hata wakadiriaji wakaamini kuwa baharini mna samaki wengi kuliko waliokuwamo. Uvuvi wa kibiashara huko ulifunguliwa tena mwaka 2024 tu.

Kwa upande wa mito ninaipendekeza DamNation ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Ben Knight na Travis Rummel, ambayo inahusu kubomolewa kwa kuta za mabwawa nchini Marekani. Mada hii ikisimuliwa kwa maneno matupu inachosha. Hapa imepata uhai kwa sababu waandaaji walikuwapo wakati kuta zikivunjwa. Mnamo Oktoba 2011 baruti iliwekwa kwenye tundu lililochimbwa chini ya ukuta wa Condit, katika mto White Salmon, ukuta uliokuwa umesimama tangu mwaka 1913. Maji hayapiti juu ya ukuta. Yanafumka kupitia chini, meusi kwa tope la takriban miaka mia moja, na nyuma yake ziwa zima linashuka mbele ya macho yetu huku kingo zake zikimong'onyoka vipande vipande.

Katika mto Elwha, ambako kuta mbili zilianza kuondolewa Septemba 2011, filamu inatufundisha kuwa bwawa huzuia mengi zaidi ya maji. Samoni huzaliwa mtoni, hukua baharini na kurudi mtoni kutaga. Ukuta usio na njia ya samaki uliwaachia kilomita zisizozidi nane za mwisho wa mto huo. Vilevile mchanga na changarawe takriban mita za ujazo milioni 20 vilikwama nyuma ya kuta hizo, na fukwe za mdomo wa mto zikaliwa na bahari kwa kukosa mchanga wa kujijenga upya. Kuna pia Katie Lee, mwimbaji mzee anayeyasimulia mabonde ya Glen Canyon alimopita kwa mashua kabla ziwa Powell, lililotokana na bwawa, halijayafunika. Furaha na hasira yake vinaeleza hasara ambayo hakuna mhandisi aliyeihesabu.

Mtazamaji ajue, hata hivyo, kwamba filamu hii ilizalishwa na Patagonia, kampuni inayouza mavazi ya watu wapendao mito na milima, na kwamba mwanzilishi wake, Yvon Chouinard, ndiye mzalishaji mkuu. Jambo hilo haliifanyi iwe ya uongo, ila linaeleza kwa nini wanaotegemea umeme na umwagiliaji wa mabwawa makubwa wanapewa nafasi finyu. Swali la wapi umeme mbadala ungetoka lilistahili zaidi ya lilichopewa.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa The Biggest Little Farm ya mwaka 2018, kwa kuwa mwongozaji wake, John Chester, ndiye mwenye shamba. Yeye na mkewe Molly wanafufua ardhi iliyochoka huko California kwa mboji, mimea ya kufunika udongo na mifugo ya aina nyingi. Kinachopendeza ni mnyororo wa matatizo. Konokono wanashambulia miti ya matunda, bata wanaletwa wawale, kinyesi cha bata kinarutubisha udongo. Panya wachimba mashimo wanakata mizizi, na bundi waliojengewa viota wanawapunguza. Haya yanaonekana moja baada ya jingine kwa miaka kadhaa, bila kuficha vifo. Lakini fedha hazionekani kabisa. Wawekezaji wanatajwa kwa kupita tu, na mkulima anayetaka kujua shamba hilo lilianza kujilipa lini hatapata jibu, ilhali kwake hilo ndilo swali la kwanza. Ukiitazama kama somo la ikolojia, ni bora sana. Kama mwongozo wa kilimo, inapungukiwa.

Ya mwisho ni Ocean with David Attenborough, iliyotoka tarehe 8 Mei 2025, siku msimulizi huyo alipotimiza miaka 99. Kwa dakika chache tu imefanya kazi ambayo maelezo ya miaka mingi hayakuifanya: imeweka kamera kwenye wavu mkubwa unaokokotwa na meli chini ya bahari. Mnyororo mzito unaburuzwa juu ya sakafu, tope linatimka, mimea inalala, na samaki wanakimbia mbele ya mdomo wa wavu hadi wanapochoka. Kisha picha inahamia kwenye sakafu tupu iliyoachwa nyuma, na msimulizi, kwa hekima, anapunguza maneno. Nusu ya pili inatetea hifadhi zisizovuliwa kabisa, na ushahidi upo: karibu na mpaka wa hifadhi ya Papahānaumokuākea huko Hawaii, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wavuvi wa nje ya hifadhi wakipata jodari wa mapezi ya njano asilimia 54 zaidi kwa juhudi ileile. Ningemwanzisha kijana wa shule kwa filamu hii, na baada yake Chasing Coral.

Pengo ninaloliona katika zote sita ni samaki wa maji baridi kama chakula. Mito imepewa filamu moja, na hiyo nayo inawatazama samoni zaidi kama alama ya pori kuliko kama mlo wa watu. Kuna mito duniani ambayo mafuriko yake ya kila mwaka ndiyo yanayozalisha kitoweo cha mamilioni. Huko Kambodia mto Tonle Sap hugeuza mwelekeo wake msimu wa mvua, ukalijaza ziwa na kuingiza samaki katika misitu iliyofurika wakakulie humo, na mabwawa yanayojengwa kwenye sehemu za juu za mto Mekong yanabadilisha wakati na kiasi cha maji hayo. Mwongozaji mwenye subira ya Orlowski, atakayekubali kukaa hapo mwaka mzima na kupiga picha kutoka pembe ileile maji yakipanda na kushuka, atatuletea filamu ninayoisubiri kwa hamu kuliko zote.