Vaselini gozi kwa mtu aliyeungua, tumeitumia wiki mbili nyumbani

Mama alimwagikiwa na chai ya moto mkononi, malengelenge yakapasuka. Duka la kwanza nililoingia nikapewa pamba, plasta ya kubandika na spiriti basi, hakuna aliyeuliza kidonda kikoje. Kesho yake kubandua ile pamba ilituchukua karibu nusu saa, nyuzi zimegandia ndani, mama analia na kile kingozi kipya kinatoka na pamba.

Ndo nikaenda famasi nyingine hapa hapa Temeke. Dada wa kaunta kabla hajagusa kitu akaanza maswali, kina siku ngapi, kikavu au kinatoa maji, kuna usaha, kinanuka, mama ana sukari? Nikamuonesha picha kwenye simu, akaikuza akaangalia mpaka pembeni pembeni. Akanipa vaselini gozi za sentimita 10 kwa 10, gozi kavu, bandeji na nomo salaini ya 0.9%, yale maji safi ya chumvi ya kuoshea kidonda, spiriti akasema weka mbali kabisa inaunguza nyama changa.

Hiyo vaselini gozi yenyewe ni kitambaa cha matundu kama chandarua, kimelowa mafuta, kinateleza vidoleni. Unakilaza juu ya kidonda halafu gozi kavu juu yake, maji yanapita kwenye matundu yananyonywa na ile kavu, mafuta yanazuia kisigande. Tulikuwa tunabadilisha kila baada ya siku mbili, mara ya kwanza kilitoka chenyewe mama yuko anaongea na simu hata hakushtuka!

Ubaya wake hii ya kawaida haina dawa kwahiyo kidonda chenye usaha usitegemee itatibu, ukiichelewesha inakauka inaganda kama pamba tu, na kidonda kinachotoa maji mengi haikiwezi, dada alisema hapo kuna zile nene kama sponji zinafyonza zaidi ila bei imechangamka.

Kitu kilichofanya niwaamini ni mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ana sukari, kidonda kiko chini ya unyayo wiki ya tatu, anataka plasta tu aondoke. Dada akagoma kumuuzia. "Shikamoo baba, mguu wa mwenye sukari hauishii hapa kwangu, nenda hospitali leo leo wakuangalie," akamuandikia na kikaratasi cha kwenda nacho.

Mama leo siku ya 14, pamefunga, ngozi ya pinki, tunapaka mafuta na akitoka nje anavaa mikono mirefu jua lisimguse.