Nyumba kuukuu ya tofali mbichi: lipu ya saruji au ya udongo?

Saruji huonekana imara, lakini tofali mbichi hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, nayo saruji haifuati. Hupasuka, maji ya mvua hupenya ufa na kunaswa ndani, kisha lipu hubanduka vipande vizima pamoja na udongo wa ukuta. Wavu wa kuku uliopigiliwa misumari ukutani chini ya lipu huchelewesha tu kubanduka huko.

Lipu ya udongo huacha ukuta upumue: ndoo 1 ya udongo wa mfinyanzi, 2 hadi 3 za mchanga, na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Loweka siku kadhaa, lowesha ukuta, kandika sentimita 1 hadi 2. Ikipasuka, ongeza mchanga. Lipu hii inahitaji kuzibwa-zibwa baada ya masika, lakini ni nafuu. Kwanza, refusha paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60.