Samsung T7: mbio inazo, ila angalia poti unayoichomeka

Kwa anayehamisha video, picha za kamera au nakala ya akiba ya kompyuta nzima, Samsung T7 bado ni kati ya diski za nje zinazostahili kununuliwa, ingawa ipo sokoni tangu 2020. Ni SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, kwa hiyo ndani hamna sahani inayozunguka. Ina uzito wa gramu 58, urefu wa milimita 85, upana 57 na unene 8. Mwili ni wa alumini, kuna taa moja ndogo ya kuonyesha kwamba inafanya kazi, na poti moja ya USB-C, basi. Umeme inaupata kupitia kebo ileile inayopitisha data. Kwenye boksi mna kebo mbili, ya USB-C kwa USB-C na ya USB-C kwa USB-A. Zote mbili ni fupi mno kwa kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya meza: diski hubaki inaning'inia, na kuning'inia huko ndiko kunakolegeza kichwa cha kebo kabla ya wakati wake. Itafutie mahali pa kukaa.

Mtengenezaji anatangaza MB 1,050 kwa sekunde wakati wa kusoma na MB 1,000 wakati wa kuandika. Si uongo, lakini ni kasi ya juu kabisa, na huipati mpaka poti ya kompyuta iwe ya gigabiti 10 kwa sekunde. Wengi wanaolalamika kwamba T7 ni ya polepole wameichomeka mahali pasipofaa. Chukua mzigo wa GB 100 wa mafaili makubwa. Kwenye poti ya gigabiti 10, hesabu inatoa kama dakika 2. Kwenye poti ya gigabiti 5, ambako kwa kawaida hupati zaidi ya MB 450 kwa sekunde, ni dakika 4 hivi. Ukiichomeka kwenye poti ya USB 2.0, inayoishia karibu na MB 40 kwa sekunde, jiandae kusubiri dakika 40 na ushee. Diski ni ileile na mafaili ni yaleyale.

Rangi ya plastiki ndani ya poti inasaidia kubahatisha: ya bluu mara nyingi ni USB 3 (gigabiti 5 au zaidi), nyeusi au nyeupe mara nyingi ni USB 2.0. Lakini hakuna anayemlazimisha mtengenezaji wa kompyuta kufuata rangi hizo, na umbo la USB-C halithibitishi chochote, kwa sababu zipo poti za USB-C ambazo ndani yake ni USB 2.0 tupu. Ukitaka uhakika, pima. Kwenye Linux, andika amri ya lsusb -t kwenye terminal na usome namba iliyo mwisho wa mstari wa diski: 480M ni USB 2.0, 5000M ni gigabiti 5, 10000M ndiyo unayoitafuta. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskMark itakuambia ukweli ndani ya dakika chache. Ukiona inasoma kwa MB 40 tu, tatizo halipo kwenye diski.

Mtuhumiwa wa pili ni kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu zina USB-C pande zote mbili na zinaingia T7 vizuri kabisa, lakini nyaya za data zilizomo ni za USB 2.0 peke yake. Ukipoteza kebo iliyokuja na diski, nunua iliyoandikwa gigabiti 10. Iliyoandikwa wati peke yake inazungumzia kuchaji.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya hata mafundi. Kichwa cha USB-A cha kizazi cha 3 kina miguso tisa: minne ya zamani na mitano iliyoongezwa kwa ajili ya kasi. Ukikisukuma polepole, ile minne hukutana na poti kwanza, na kompyuta inaweza kuitambua diski kama kifaa cha USB 2.0 na kubaki hapo hapo hata baada ya kichwa kuingia chote. Dawa yake ni kuitoa kwa usalama, kuchomoa, kisha kuichomeka tena kwa mkupuo mmoja.

Tukija kwenye kuandika, T7 hutumia memori inayohifadhi biti tatu katika kila seli, na kazi hiyo ni ya polepole. Ili diski isionekane ya polepole, sehemu ya nafasi tupu hutumika kwa muda kama memori ya biti moja kwa seli, data inatua hapo haraka, halafu diski inaipanga upya yenyewe ikipata nafasi. Sehemu hiyo ikijaa katikati ya kunakili mzigo mkubwa, kasi hushuka ghafla. Haijaharibika. Huonekana zaidi diski ikiwa imekaribia kujaa, kwa hiyo acha walau asilimia 10 hadi 15 wazi. Mwili wake kupata joto wakati huo ni kawaida, kwani alumini ndiyo inayotoa joto la chipu nje. Usiifunike kwa kitambaa wala kuiacha juani kwenye dashibodi ya gari.

Mafaili madogo madogo ni kesi nyingine. Folda yenye mafaili 100,000 ya kilobaiti chache itaenda kwa mwendo wa kobe hata kwenye poti bora, maana kila faili linafunguliwa, linaandikwa na kufungwa peke yake. Yafunge kwanza katika faili moja la zip au tar, ndipo unakili. Tena diski inakuja ikiwa imefomatiwa exFAT, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, na Windows ikifomati diski kubwa kama hii kwa exFAT hugawa nafasi katika vipande vya KB 128. Faili la KB 1 linakula kipande kizima. Mafaili 100,000 ya aina hiyo hujaza zaidi ya GB 12, ingawa data yenyewe haifiki hata GB 1.

Kama diski inazunguka kati ya Windows na Mac, iache na exFAT. Inasomeka na kuandikika pande zote, na haina kikomo cha GB 4 kwa faili kinachoisumbua FAT32, mfumo wa zamani zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, hivyo ukichomoa diski inapoandika unaweza kupoteza zaidi ya faili moja. Toa amri ya kuitoa kwa usalama, kila mara. Kwa Windows peke yake, mfumo wa NTFS ni imara zaidi. Kwa nakala za Time Machine, programu ya Mac ya nakala za akiba, tumia mfumo wa APFS. Kumbuka tu kwamba Mac husoma NTFS lakini haiandiki bila programu ya ziada.

Ulinzi wa nenosiri ni mzuri ukijua masharti yake. Usimbaji wa AES wa biti 256, yaani kugeuza data isisomeke bila nenosiri, hufanywa na chipu ya diski yenyewe, kwa hiyo hauli kasi. Lakini kuifungua kunahitaji programu ya Samsung kwenye kompyuta husika. Televisheni haitaifungua, na kompyuta ya ofisini iliyokatazwa kuwekewa programu mpya haitaifungua pia. Ukisahau nenosiri, kinachowezekana ni kuirudisha diski ilivyotoka kiwandani, yaani data yote kwaheri.

Usumbufu mmoja hauandikwi kwenye boksi, nao si wa T7 peke yake. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya mawimbi inayoangukia eneo la 2.4 GHz, ambako kipanya na kibodi nyingi zisizo na waya hufanya kazi. Unaanza kunakili, mara mshale wa kipanya unarukaruka au herufi zinaanza kupotea. Watu hubadilisha betri bure. Hamishia kipokezi cha kipanya upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwenye kebo fupi ya kurefusha ili kikae mbali na diski.

Unapoinunua, usishtuke TB 1 ikisomeka 931 kwenye Windows. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Cha kuogopa ni bandia, zile zinazojitangaza TB 2 kumbe ndani mna memori ndogo inayojiandika juu yake yenyewe. Kabla ya kuweka chochote cha maana, ijaze yote kwa programu ya majaribio, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, kisha iache programu isome upya kilichoandikwa. Ikirudisha makosa, irudishe ulikoinunua.

Anayefanya kazi kwenye vumbi na mvua achukue T7 Shield, yenye kinga ya IP65, yaani dhidi ya vumbi na maji yanayorushwa. T7 ya kawaida haina kinga hiyo. Diski nyingine ya Samsung, T9, inatangaza MB 2,000 kwa sekunde, lakini inadai poti ya gigabiti 20 ya aina ambayo kompyuta nyingi hazina, na bila poti hiyo utakuwa umelipia kasi usiyoipata. Na kama lengo ni kuweka data kabatini miaka mingi bila kuigusa, usinunue SSD yoyote: seli zake hushikilia chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu diski isipopata umeme. Kwa kazi hiyo diski kuu ya kawaida ya sahani, yenye MB 100 na kitu kwa sekunde, inafaa zaidi, na kila terabaiti utailipia kidogo.